Akiba Isitangulie Kazi

Kazi ya redio ni kazi ya heshima, na kwa mtu aliyelelewa katika Kiswahili milango yake haiishii hapa nyumbani. London ilianza kutangaza kwa lugha yetu mwaka 1957, Washington mwaka 1962, na Ujerumani mwaka 1963. Tangu hapo watangazaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiitwa ng'ambo, na wengi wao wameifanya kazi hiyo kwa sifa. Hatuna neno la kumlaumu kijana anayeitamani safari ya namna hiyo. Twataka kusema juu ya jambo moja linaloandamana nayo, nalo ni mtu kutoa akiba yake yote, kuigeuza fedha za kigeni na kuihamishia aendako kabla hajajua kazi yake itadumu muda gani.

Yafaa tukumbuke kwamba redio hizo huendeshwa kwa fedha za nchi nyingine na kwa haja za nchi hizo. Siku fedha zikipungua au haja zikibadilika, mtangazaji haulizwi. Septemba 2022, BBC ilitangaza kwamba itafuta nafasi 382 za kazi katika idhaa zake za dunia na kufunga matangazo ya redio ya lugha 10. Redio yake ya Kiarabu, iliyoanza kusikika mwaka 1938, ilinyamaza Januari 2023. Machi 2025, baada ya amri ya Rais wa Marekani, wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa Sauti ya Amerika waliambiwa wasifike kazini. Miongoni mwao walikuwamo wageni ambao ruhusa yao ya kukaa nchini humo ilifungamana na kazi ile ile. Mtu wa hali hiyo huweza kupoteza mshahara na makazi kwa pigo moja.

Sasa na tumtazame mfanyakazi aliyeihamisha akiba yake yote. Fedha alizoziweka kwa miaka mingi Dar es Salaam au Mwanza, akipunguza kidogo kidogo katika mshahara, zikifika London huweza kumezwa na kodi ya nyumba ya miezi michache. Akitaka kurudi na kilichobaki, atakuta kwamba benki hununua fedha kwa bei moja na kuziuza kwa bei nyingine, na juu yake hutoza ada ya kuzipeleka. Aliyepeleka na kurudisha amelipa mara mbili kwa fedha zile zile.

Watakuwapo wa kutujibu kwamba shilingi hupungua thamani, na kwamba mwenye busara hukimbiza chake mapema. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuifichi. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa Sh. 7.14, leo ni zaidi ya Sh. 2,000. Aliyeacha noti kabatini kwa muda wote huo ameachwa na karatasi. Lakini fedha za wakubwa nazo huanguka. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni, na Tanzania haikuifuata. Mtu aliyekuwa na pauni 100 London alilala zikiwa sawa na Sh. 2,000, akaamka zikiwa kama Sh. 1,714. Basi hakuna sarafu iliyo ghala lisiloingiwa na panya. Anayeogopa kupungukiwa na agawe akiba yake mafungu mafungu, asiitie yote katika kapu moja la nchi asiyokuwa na haki ya kudumu ndani yake.

Sheria nayo ina neno. Udhibiti wa fedha za kigeni uliokazwa mwaka 1965 ulilegezwa kwa Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992, ila kulegezwa si kuondolewa. Mwenye kutaka kupeleka fedha nje na apite benki yenye leseni, aulize kinachoruhusiwa, na atunze stakabadhi zake. Wale wa vichochoroni wanaoahidi bei nzuri hawatamjua siku fedha zitakapopotea.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Mkataba utangulie safari, na uonyeshe muda wa kazi, mshahara, kodi itakayokatwa, notisi ya kuachishwa, na nani atalipa nauli ya kurudi. Mwenye kulipwa kwa kila habari anayoituma ajihesabu kuwa hana mshahara. Achukue fedha za kumtunza miezi ya mwanzo pamoja na nauli ya kumrudisha. Zilizobaki azikabidhi benki ya nyumbani au chama cha kuweka na kukopa, ambako uanachama wake ni haki ya kukopa kesho. Mwaka ukipita salama, atakuwa na macho ya kuamua.

Neno letu la mwisho ni kwa waajiri wa hapa nchini. Tangu sheria ya mwaka 1993 iruhusu redio za watu binafsi, vituo vimeongezeka hata kuzidi 200. Hata hivyo wapo watangazaji wanaofungua studio alfajiri bila mkataba, wakilipwa posho ya nauli na sifa za wasikilizaji. Mtu asiyeandikwa kazini haweki akiba. Na akipata njia ya kuondoka, huondoka na kila alicho nacho kwa sababu hakuna kinachomshika. Vyama vya wafanyakazi vina kazi ya kufanya hapo, na visingoje kuitwa.

Vijana wetu na waende, na sauti zao zisikike mbali. Lakini wakumbuke wahenga walivyosema: mwacha mbachao kwa msala upitao, si mwenye busara.