Hedifoni ya gemu: uliza kidude kabla ya bei

Juma lililopita mpwa wangu alifika kwangu hapa Diani uso umemshuka. Alikuwa amedunduliza pesa za vibarua vya likizo, akanunua Ukunda hedifoni isiyo na waya, ili usiku acheze PlayStation 5 na wenzake wa Nairobi bila kumkosesha mamake usingizi.

"Mjomba, kwenye simu inalia vizuri, lakini kwenye mashine haishiki!"

Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya Bluetooth tupu, na PlayStation 5, sawa na ile ya 4, haipokei hedifoni ya Bluetooth moja kwa moja. Nintendo Switch iliikubali mwaka 2021, lakini kwa kusikiliza tu. Kuzungumza na mwenzako huwezi. Isitoshe, Bluetooth huchelewesha sauti: umeshapigwa risasi ndipo unasikia mlio.

Basi mzazi, kabla ya kutoa pesa omba boksi lifunguliwe. Tafuta kidude cha USB cha masafa ya GHz 2.4, kinachochomekwa kwenye mashine. Kisha soma boksi limetaja mashine gani, maana Xbox ina mtambo wake, na kidude cha PlayStation kwa kawaida hakifanyi kazi huko. Taa za rangi ni urembo, tena zinakula betri.

Mwenye duka alikataa kuirudisha. Kijana amechomeka hedifoni kuukuu ya waya kwenye kile kidhibiti cha mkononi, na wenzake wanamsikia barabara. Ile mpya amemuuzia mamake kwa nusu bei, asikilizie taarabu kwenye simu.