KUFUNGA MABARI MAPEMA: NI DAWA?



Katika mabishano yetu ya siku ya posho, neno moja linarudia kila mara. Wengine wanasema: Leta ifunge mabari mapema, na ulevi utaisha. Wengine wanajibu: «Mulevi ni mulevi tu, hata ukimufungia mulango.» Mimi naona pande zote mbili wanakata maneno upesi. Kuko inchi moja iliyojaribu kufunga, tena ikajaribu kufungua. Ni Uingereza. Tuiangalie kwanza, ndipo tuseme juu ya kwetu.

Mbele ya vita ya 1914, mabari ya London yalifunguliwa tangu alfajiri hata kupita katikati ya usiku. Vita ilipoanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha wakawa wanakosa kazi sababu ya pombe. Mwaka 1915 waziri Lloyd George alisema kwamba pombe inaharibu kazi ya vita kupita masua ya Wajerumani yanayokwenda chini ya maji. Basi Leta yao ikakata saa: pahali pengi bari ilifunguliwa masaa tano na nusu tu kwa siku. Tena bia ikafanywa nyepesi, na kodi ikapandishwa. Mwaka 1913 watu karibu 190,000 walihukumiwa juu ya ulevi katika Uingereza na Wales. Mwaka 1918 hawakufika 30,000. Mtu atasema: wanaume walikuwa vitani. Ni kweli, lakini hesabu ya wanawake waliobaki nyumbani nayo ilishuka sana. Kwa hiyo anayesema sheria haiwezi kitu, anadanganya.

Nyuma ya vita, sheria ya saa ilibaki miaka mingi. Mpaka 1988 mabari yalifungwa mchana kwa masaa kadhaa, na usiku yalifungwa saa tano mpaka 2005. Watu wakalalamika. Walisema: kengele inalia, kila mtu anameza glasi ya mwisho mbio-mbio, na wote wanamwagika njiani kwa mara moja, wakigombana. Serikali ya Tony Blair ikatoa sheria ya 2003, iliyoanza kazi tarehe 24 Novemba 2005: kila bari inaweza kuomba saa yoyote, hata usiku na mchana. Matumaini yao yalikuwa kwamba watu watakunywa polepole, wakikaa mezani na chakula, kama Wafaransa na Waitalia.

Nini ilitokea? Wenye kuogopa walikosea: mabari machache tu yaliomba saa 24, na mengi yaliongeza saa moja ao mbili. Wenye kutumaini walikosea vilevile. Uchunguzi wa serikali yenyewe, mwaka 1008+1000, yaani 2008, ulionyesha kwamba makosa kwa jumla hayakuongezeka, lakini mapigano ya kati ya saa tisa ya usiku na saa kumi na mbili ya asubuhi yaliongezeka. Ugomvi ulihama saa tu. Desturi ya kukaa mezani haikuja pamoja na karatasi ya sheria.

Tena kuko jambo la tatu, na kwangu njo kubwa. Pombe ilitoka bari ikaenda nyumbani. Magazini makubwa yanaiuza kwa bei ya chini, na mtu anakunywa peke yake, hakuna mtu wa kumwambia inatosha. Wakati wa korona, katika 2020 na 2021, mabari ya Uingereza yalifungwa miezi mingi. Je, vifo vilipungua? Hapana. Katika ufalme wote wa Uingereza, waliokufa kwa magonjwa ya pombe walikuwa 7,565 mwaka 2019, na 10,473 mwaka 2023. Mlango wa bari ulifungwa, lakini chupa ilikuwa kabatini.

Scotland walishika njia ingine: tangu 1 Mei 2018 ni marufuku kuuza pombe chini ya bei fulani. Wachunguzi wanahesabu kwamba vifo vya pombe vilikuwa pungufu karibu 13 kwa 100 kuliko vile vingekuwa bila sheria ile.

Sasa turudi kwetu. Wakati wa Wabeleji lutuku ilikatazwa, na watu wakaipika usiku. Leo nani kati yetu hajui mama mmoja anayepika lutuku ili alipe minerval ya watoto? Anayepiga kelele «Fungeni!» amwambie kwanza mama yule atauza nini kesho. Kama hana jibu, pipa litahamia tu nyuma ya nyumba, na moto utawaka usiku.

Lakini anayesema «Waacheni» naye ajibu: nani alikubali pombe kali iuzwe katika kachupa kadogo, kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kulipa na franga za mkate wake?

Mawazo yangu ni haya. Saa ya kufunga inasaidia usingizi wa majirani na amani ya njia. Tuiombe kwa sababu hiyo, tusiiombe kama dawa ya ulevi. Kwa kulinda mwili wa mtu, tuangalie bei na ukaribu. Pombe kali isiuzwe kando ya masomo. Kachupa ka bei ya mkate kasiweko. Na wazazi wetu, kwa heshima yote, waache kutuma mtoto kununua pombe ya baba, juu ya anayejua njia ya kwenda kuinunua, amekwisha kufundishwa nusu ya desturi.

Wenye mawazo mengine waandike. Nitawasoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Pedagojia