Bwawa Si Uwanja wa Kufagia

Watu wetu tuna kasumba moja: tukiona mahali pana majani, tunadhani pamechafuka. Ua uliofagiwa mpaka ukabaki udongo mtupu ndio tunaousifu. Kasumba hiyo ikifika bwawani hugeuka kuwa mauaji.

Nyuma ya nyumba yangu, hapa Morogoro, lipo bwawa la samaki lililochimbwa zamani, urefu wake hatua 30 na upana hatua 15. Lilipokosa matunzo, matete yalifunga kingo na gugumaji likatanda katikati. Niliposema nataka kulifufua, washauri walikuja bila kuitwa. Wa kwanza alitaka nimwage dawa ya kuua magugu. Wa pili alitaka nikodi katapila likombe kila kitu kwa siku moja. Wa tatu, aliyejiona ana busara kuliko wenzake, alisema nilifukie kabisa kwa kuwa ni kiwanda cha mbu.

Nawajibu wote watatu.

Anayemwaga dawa ajue kwamba majani yakifa kwa pamoja huzama na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni iliyomo majini. Samaki walionusurika sumu utawakuta alfajiri wakitweta juu ya maji, kisha hufa. Anayeleta katapila huzoa pamoja na matope mayai ya vyura, konokono, na watoto wa kereng'ende ambao hukulia majini wakila viluwiluwi vya mbu. Halafu mtu huyo huyo atalalamika kwamba mbu wamezidi!

Na huyu wa kufukia? Mbu aitwaye Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria, hupenda hasa vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mikondo ya magurudumu, mashimo ya matofali. Udongo wa kufukia bwawa langu utachimbwa wapi, kama si kwenye shimo jipya litakalojaa maji masika? Tena maji ya bwawa lililofukiwa hayafi. Hutafuta sebule ya mtu. Ni kweli kwamba ndugu yake, Anopheles funestus, hupenda maji ya kudumu yenye majani. Ndiyo maana sisemi bwawa liachwe liwe pori. Nasema lipunguzwe majani kwa akili.

Akili yenyewe haihitaji chuo kikuu. Kazi ifanywe kiangazi, wakati vyura wengi hawatagi na ndege wengi hawana makinda kwenye matete. Kila kiangazi ifyekwe theluthi moja tu, ili viumbe wapate pa kuhamia. Majani yaliyotolewa yalazwe ukingoni siku mbili, walio hai ndani yake wajirudie majini, kisha yapelekwe kwenye shimo la mboji. Na anayeingia avae buti ndefu za mpira, maana kichocho hakichagui mtu.

Gugumaji peke yake silionei huruma. Si mwenyeji, asili yake ni Amerika ya Kusini, na likipata nafasi huweza kujiongeza maradufu kwa wiki mbili hivi. Hilo ling'olewe lote, kwa mkono, na kila mwezi mtu arudi kuangalia machipukizi, kwa sababu mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi. Asithubutu mtu kulitupa mtoni. Tuliona lilivyofanya Ziwa Victoria miaka ya 1990: mitumbwi ilikwama na gati zikazibwa.

Wananiambia njia yangu ni ndefu. Ni viangazi vitatu. Bwawa hili liliharibika kwa miaka mingi wala hakuna aliyeona haraka. Haraka imeanzia wapi leo? Mwenye nia ya kunisaidia aje na reki na buti. Mwenye chupa ya dawa abaki nayo kwake.