Jengo linauzwa, wapangaji tumo ndani



Natoa kero ya sisi tunaopanga majengo ya kando ya ziwa hapa Mwanza. Jengo ninaloishi, Kirumba, jirani na soko la Mwaloni, linauzwa. Chini ni fremu: duka la dawa, saluni, wakala wa pesa, muuza nyavu na kamba. Juu tunaishi familia. Mwenye jengo hajatuambia neno. Tumejua kwa dalali, ambaye huja na wageni wake wakati wowote, wanapanda ngazi, wanagonga kuta, wanahesabu vyoo. Juzi alimwomba jirani yangu aanue nguo za mtoto kwenye kibaraza ili mteja alione ziwa vizuri. Mama wa watu alianua. Alipouliza kama jengo limeshauzwa, akajibiwa, "Hayo mtaongea na mwenyewe." Mwenyewe simu hapokei.

Simkatazi mtu kuuza mali yake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, madalali wa huku hawana wimbo mwingine, na mwenye jengo ana haki ya kutafuta bei nzuri. Ninacholalamikia ni kuuzwa kimyakimya wakati pesa zetu ziko mfukoni mwake. Kodi huku hulipwa mapema, miezi sita au mwaka mzima. Dada wa saluni amelipa mwaka, na kabla ya hapo alimpa kilemba mpangaji aliyemtangulia ili aachiwe fremu. Kilemba hakina risiti. Kioo kirefu, masinki, vigae vya ukutani, vyote ameweka kwa gharama yake, na dalali anavionesha kwa wanunuzi kama sehemu ya jengo.

Sheria ipo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 88, inasema mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ya mkataba akae kwa amani hadi muda wake uishe, bila kubughudhiwa na mwenye nyumba wala mtu yeyote anayepata haki kupitia kwake. Kwa ninavyoelewa, mnunuzi ni mtu huyo. Lakini nani atamwambia? Mikataba yetu mingi ni ya mwaka mmoja au pungufu, na mikataba mifupi ya namna hiyo sheria hailazimishi isajiliwe, wala hata iandikwe. Mnunuzi akienda kukagua hati Ofisi ya Ardhi hatakuta jina la mpangaji hata mmoja. Atakuja na notisi, sisi tutakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na shauri likisikilizwa hadi mwisho, miezi tuliyolipia itakuwa imekwisha zamani.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba serikali inatujua vizuri sana pale inapotuhitaji. Mfanyabiashara akienda TRA kukadiriwa kodi huambiwa alete mkataba wa pango uliolipiwa ushuru wa stempu. Kodi ya majengo, ambayo ni deni la mwenye jengo, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kwa ghorofa za mjini ni Sh7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu baada ya kupandishwa mwaka 2023. Kwetu hapa anayenunua umeme ni mpangaji, na sijaona jirani aliyerudishiwa pesa hiyo. Tunatambulika tukiwa walipaji. Siku ya uhamisho wa milki, hakuna dirisha hata moja linalouliza: humo ndani wamo akina nani, na wamelipa hadi lini?

Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Ilikuwa na kasoro zake, sidai irudi kama ilivyokuwa. Lakini kilichowekwa mahali pake ni nini? Mthamini anayepiga bei ya jengo ana bodi na sheria yake ya 2016. Dalali anayemtoza mpangaji kodi ya mwezi mzima kwa kumfungulia mlango hana anayemsimamia. Sheria ya kusimamia biashara ya nyumba tunaisikia ikizungumzwa miaka nenda miaka rudi.

Nyumba za duka chini na familia juu si jambo geni Mwanza. Katikati ya mji zimejaa za tangu enzi za wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha ya thamani ya zaidi ya Sh100,000, uchungu ulikuwa mkubwa kwa waliopoteza, na siutetei. Ila mpangaji wa wakati ule alijua mwenye nyumba wake mpya ni nani: Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Sisi tutajua siku kufuli litakapobadilishwa.

Hata mnunuzi hapewi habari kamili. Anaoneshwa ziwa, haambiwi jinsi maji yalivyopanda Mei 2020, wala hatajiwi mita 60 za hifadhi ya ufukwe zilizomo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Akishtuka baadaye, hasara atairudisha kwenye kodi zetu.

Ninachoomba ni kidogo. Wizara ya Ardhi iagize kwamba maombi ya uhamisho wa jengo lenye wapangaji yaambatane na orodha yao, kodi waliyolipa na tarehe inapoishia, ikiwa imesainiwa mbele ya mtendaji wa mtaa. Mnunuzi naye asaini kwamba ameiona. Na pale mwenye jengo anapokubali kuuza kwa vipande, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila fremu na kila nyumba iwe na hati yake. Wapangaji tuulizwe kwanza kama tunaweza kununua tulipo. Dada wa saluni ameniambia angekopa.

Madiwani wa manispaa yetu ya Ilemela na mbunge wetu wanasoma gazeti hili. Nasubiri majibu yao kabla dalali hajapata mteja.

Mpangaji,
Kirumba, Mwanza