Waraka kwa Baraza la Mitihani: Diwali ya 2027

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Baraza la Mitihani la Kenya,
Nairobi.

KUH: RATIBA YA MITIHANI NA SIKUKUU YA DIWALI

Naandika mapema makusudi. Diwali ya 2026 itaangukia Jumapili, tarehe 8 Novemba, na haitaisumbua ofisi yenu. Ya 2027 ndiyo yenye kazi: ni Ijumaa, tarehe 29 Oktoba, msimu wa mitihani umepamba moto, mwaka ambao kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya mtihani wa KCSE. Ombi langu ni moja: siku hiyo asiitwe mtahiniwa yeyote kwenye chumba cha mtihani.

Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, inaitaja Diwali kuwa sikukuu kwa waumini wa dini ya Kihindu. Karani Mhindu hupewa ruhusa, kazi ikaendelea bila yeye. Mtihani wa taifa hauna ruhusa. Karatasi hufunguliwa nchi nzima kwa wakati mmoja, na asiyekuwepo hana alama. Sheria inampa mtoto sikukuu, ratiba inamnyang'anya, wala hakuna aliyekusudia ubaya.

Najua nitaambiwa Wahindu ni wachache. Kweli, sensa ya 2019 iliwahesabu 60,287, na wapo miongoni mwao ambao watoto wao hufanya mitihani ya Uingereza, si yenu. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuwajali zaidi wale waliobaki kwenye karatasi zetu.

Tena uchache si hoja, kwani hata pale walipo wengi, wingi haukuifanya dini yao kuwa rasmi. Nepali, ambako Wahindu ni takriban asilimia 81, ilikuwa dola ya Kihindu hadi Bunge lilipoiondolea sifa hiyo mwaka 2006, na katiba ya 2015 haikuirudisha. India nayo iliandika katika katiba yake mwaka 1976 kwamba dola haifungamani na dini. Leo hakuna nchi hata moja ambayo katiba yake inautaja Uhindu kuwa dini rasmi. Kwa hiyo hadhi ya Mhindu, awe Kathmandu au Kisumu, haisomwi kwenye ibara ya dini. Isomeni kwenye kalenda. Morisi haina dini rasmi, na karibu nusu ya watu wake ni Wahindu; Diwali, Maha Shivaratri na Thaipoosam Cavadee ni mapumziko kwa wote. Mtasema nusu ya nchi ni watu wengi. Haya, Singapore Wahindu ni asilimia 5 tu, na Diwali nchi nzima hupumzika.

Sisi kwa kutambua hatujambo. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeitengea ndoa ya Kihindu sehemu yake, na mwaka 2017 Serikali ikawatangaza Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44. Matangazo ya namna hiyo hayamgharimu mtu chochote. Kusogeza karatasi moja ya mtihani kuna gharama, ndiyo maana nawaandikia nyinyi.

Wala msihofu habari za mwezi. Idd husubiri mwezi uonekane, hata wapishi hulala hawajui kesho ni kufunga au kula pilau. Diwali huwa usiku wa mwezi kufa, na usiku huo hupigiwa hesabu miaka mingi kabla. Kesho yake, ambayo kwa Wagujarati ni mwaka mpya, itakuwa Jumamosi. Hiyo siiombei chochote. Na kama mtu atawaambia kwamba siku ya Diwali ibada ya mungu wa kike Lakshmi hufanyika jioni, hivyo mtoto anaweza kuandika insha asubuhi, muulizeni kama angekubali mwanawe afanye mtihani wa hisabati asubuhi ya Krismasi.

Kabla rasimu ya ratiba ya 2027 haijaenda kupigwa chapa, naomba Baraza la Wahindu wa Kenya lipelekewe nakala, nalo lipewe muda wa kujibu kwa maandishi.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Mombasa.