Kifaransa cha Kila Siku kwa Msemaji wa Kiswahili: Hoja ya Matamshi

Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga. Katika Dar es Salaam, na hasa maeneo kama Mikocheni, dereva, mpishi au mhudumu wa hoteli hujikuta akihitaji japo salamu za Kifaransa. Tatizo ni kwamba vijitabu vingi vinavyopatikana vimeandikiwa wasemaji wa Kiingereza.

Katika vijitabu vya aina hiyo, s'il vous plaît huandikwa seel voo play, na bonjour huwa bon-zhoor. Mswahili anayefuata maandishi haya hana budi kwanza kukisia Mwingereza angeyasomaje, kisha aige kosa ambalo Mwingereza mwenyewe huonywa aliache. Neno play lina irabu unganifu inayoishia kwenye i, plaît haina. Irabu e ya Kiswahili, ikitamkwa kama ilivyo katika pete, inatosha kabisa. Inashangaza kwamba mwanafunzi anayekosolewa shuleni kwa kutamka Kiingereza kwa irabu za Kiswahili ndiye aliye karibu zaidi na Paris.

Mfano wa r ni bayana zaidi. Mwingereza huelezwa kwa kirefu namna ya kuitoa sauti hiyo, na mara nyingi huishia kuambiwa ajifanye anasukutua koo. Mswahili anayo gh ya ghali na lugha, ambayo haiko mbali na r hiyo ya kimeo (wasemao luga, nao ni wengi mjini, watahitaji mazoezi). Vivyo hivyo, j ya bonjour si ya jembe. Kiswahili kina jozi za vikwamizo s na z, f na v, th na dh, kh na gh. Lakini sh haina mwenzake mwenye ghuna. Mwenzake huyo ndiye j ya Kifaransa. Mwanafunzi akioneshwa pengo hilo, hulijaza mwenyewe.

Aidha, comment allez-vous ikisemwa kwa ukamilifu ina silabi tano, zote wazi: ko-ma-ta-le-vu. Muundo huo hauna ugeni kwa sikio la Kiswahili. Ugeni uko katika mkazo, ambao huangukia silabi ya mwisho badala ya ile ya pili kutoka mwisho, na katika unazali. Katika ndizi na mbuzi nazali huambatana na konsonanti inayofuata. Katika Kifaransa unazali hukaa juu ya irabu yenyewe. Asiyefundishwa tofauti hii ataitamka bonjour kwa nj ya njaa.

Iko sauti ambayo Kiswahili hakiisaidii, wala Kiingereza: u ya tu. Vijitabu vikiiandika too, huichanganya na tout. Wakongo walisikia vingine. Bureau imekuwa biro katika Kiswahili chao, na musique ni miziki katika Kilingala. Sikio lao lilichagua i, na mwalimu angefaa kuanzia hapo: i, kisha midomo iviringwe kama kwa u.

Kwa upande wa maana, Kiswahili kina faida isiyotumiwa. Ça va? hujibiwa ça va, kama vile Salama? hujibiwa Salama. Kule Ufaransa kumwuliza muuza duka bei kabla ya bonjour ni utovu wa adabu. Jambo hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyelelewa kutanguliza salamu mbele ya shida. Hata tofauti ya tu na vous haimshtui anayepima umri kabla ya kuchagua kati ya shikamoo na mambo.

Atasema mtu kwamba mhitimu wa sekondari anajua Kiingereza, hivyo apitie huko. Lakini kujua lugha si sababu ya kuifanya kichujio cha lugha ya tatu, hasa pale inapopotosha sauti ambazo lugha ya kwanza inazo. Kijitabu chembamba chenye tahajia ya Kiswahili, pamoja na alama chache za nyongeza kwa ajili ya unazali na irabu viringo za mbele, kinaweza kuandikwa na idara yoyote ya Kiswahili iliyo tayari kuketi na walimu wa Kifaransa.