Tunachagua kanisa kwa masikio, hesabu hatuulizi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ingewafaa sana wahubiri wanaowasuta waumini kwa kuhama kutoka kanisa hili hadi lile, mithili ya mnunuzi anayezunguka sokoni akibonyeza maembe. Wanaambiwa kwamba nyumba ya Mungu si duka, na kwamba anayekwenda ibadani huku akipima urefu wa mahubiri na utamu wa kwaya amesahau kilichompeleka huko. Lawama hizo hazikosi ukweli. Hata hivyo, zinalikwepa swali lililo zito zaidi: mnunuzi huyu, maadamu amekwisha kuwa mnunuzi, anapima kwa mizani gani?

Yafaa tukumbuke kwamba wazee wetu hawakuwa na mengi ya kuchagua. Wamishenari wa Kiprotestanti walioingia bara waligawana nchi ili wasigombanie waumini. Waskoti walishika Kikuyu na Tumutumu, Wamethodisti wakaenda Meru, African Inland Mission ikajikita Ukambani na Kijabe, nao Quaker wakafungua kituo Kaimosi mwaka 1902. Mtu alibatizwa katika dhehebu lililojenga shule na zahanati karibu na kwao. Hakupima mafundisho, alizaliwa tu upande fulani wa mto. Waliothubutu kuchagua walilipa gharama. Mzozo kuhusu tohara ya wanawake ulipowafanya Wakikuyu wengi kuyahama makanisa ya misheni kuanzia mwaka 1929, waliohama walilazimika kujenga shule na makanisa yao wenyewe, kwa fedha yao na jasho lao. Kwa hiyo anayetamani enzi ambapo kila mtu alitulia katika kanisa la babake ajue kwamba utulivu ule haukuwa uaminifu mtupu. Sehemu yake ilikuwa ramani.

Ramani hiyo imefutika. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Wakristo walikuwa asilimia 85.5 ya Wakenya. Waliojitambulisha kuwa Waprotestanti walikuwa asilimia 33.4, Wakatoliki asilimia 20.6, na wafuasi wa makanisa ya kiinjili asilimia 20.4. Wale wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika walikuwa asilimia 7.0. Tazama jinsi makanisa ya kiinjili yalivyolifikia Kanisa Katoliki kwa idadi, ilhali mengi yake hayana hata jengo la mawe. Katika mitaa ya Nairobi yenye wakazi wengi, utakuta turubai hapa, ukumbi wa kukodi pale, na chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kila kimoja kikiwa na vipaza sauti vinavyoshindana na vya jirani.

Basi mkazi wa mtaa kama huo huchaguaje? Aghalabu huchagua kwa masikio. Husikiliza muziki, ufasaha wa mhubiri, na shuhuda za waliopata kazi au viza. Hutazama pia saa, kwa kuwa ibada inayokwisha kabla ya saa tano humwachia nafasi ya kufua nguo na kumtembelea shangazi. Sikejeli sababu hizi zote. Mama anayetafuta kanisa ambalo watoto wake watafundishwa kwa lugha wanayoielewa ana haki. Hali kadhalika mwenye kiti cha magurudumu anayelikimbia jengo lenye ngazi ishirini. Kosa halimo katika kuchagua. Limo katika kufanya kama abiria anayepanda matatu kwa kuvutiwa na rangi na muziki, bila kujali kama gari lina breki.

Breki za kanisa ni zipi? Ni nani anayeweza kumwambia mchungaji kwamba amekosa, naye akalazimika kusikiliza? Kiwanja kimeandikishwa kwa jina la nani? Sadaka huhesabiwa na watu wangapi, na hesabu husomwa lini mbele ya waumini? Mkenya yuyo huyo atakayesimama sokoni akibishana juu ya shilingi kumi za sukuma wiki hutoa fungu la kumi la mshahara wake kwa simu, kila mwezi, asiulize hata moja kati ya hayo. Tusidhani tunamkashifu tukimwita mteja. Laiti angekuwa mteja kweli!

Yaliyotokea Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, yalitufunza gharama ya kanisa lisilo na breki. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Haifai kuwabebesha lawama waliokufa, ambao wengi wao walikuwa watoto wasiochagua lolote. Lakini serikali nayo haiwezi kutuchagulia. Kanuni za kuyadhibiti makanisa zilizopendekezwa Januari 2016 ziliondolewa baada ya viongozi wa dini kuzipinga, na kamati iliyoundwa baada ya Shakahola, chini ya Mutava Musyimi, iliwasilisha ripoti yake mwaka 2024. Serikali yaweza kudai usajili na vyeti. Haiwezi kuingia ibadani kila Jumapili na kuuliza maswali ambayo muumini mwenyewe ameyanyamazia.

Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na chombo anachokitegemea ana njia mbili: kuondoka, au kubaki na kupaza sauti. Alionya kwamba kuondoka kunapokuwa rahisi mno, wa kwanza kwenda huwa ni wale ambao sauti yao ingesaidia zaidi. Ndivyo ilivyo kwetu. Mwalimu wa hesabu anayegundua kwamba fedha za paa hazilingani na mabati yaliyonunuliwa hasemi neno; Jumapili ifuatayo yuko kanisa jingine. Nyuma yake wanabaki wasioweza kusoma daftari la mweka hazina, na mchungaji anafurahi kwamba mkorofi amekwenda.

Makanisa ya zamani nayo yasijipigie makofi. Yana mabaraza ya wazee na mikutano ya mwaka ya kusoma hesabu, lakini viti vinavyojaa siku ya Pasaka huwa vitupu siku ya mkutano. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo ambamo majirani hujuana kwa majina. Wengi huzikumbuka wanapotaka mtoto abatizwe, au pale familia iliyofiwa inapoulizwa marehemu alikuwa wa jumuiya gani, ikatazamana.

Sauti ikipazwa, hata hivyo, husikika. Mwaka 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliyasuta makanisa hadharani kwa kuwaachia wanasiasa mimbari na kupokea bahasha zao. Novemba mwaka huo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kwamba lingerejesha mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto. Sidai kwamba jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Ninachojua ni kwamba wengi wa vijana wale hawakuwa wageni. Walikuwa watoto wa makanisa hayo hayo.

Ndugu zangu walimu, hapa sisi tuna kazi. Mwanafunzi wa bweni huhudhuria ibada ya mfadhili wa shule kwa miaka minne bila kuchagua, kisha tunamwachilia chuoni, penye wahubiri kila kona, akiwa hajawahi kuuliza swali hata moja. Katika somo la dini anakariri majina ya manabii na makosa ya wafalme wa Israeli waliokemewa nao. Lakini chama cha wanafunzi Wakristo shuleni kinachagua viongozi, kinakusanya sadaka, kinaalika wageni. Hesabu yake na isomwe mwisho wa kila muhula, mbele ya wanachama wote. Na msichana wa kidato cha pili akisimama kuuliza kwa nini nauli ya mhubiri mgeni imeandikwa mara mbili, aonyeshwe risiti, wala asiambiwe kwamba amepungukiwa imani.